Mbuzi wa Nne

Nakumbuka siku moja, mwanangu, niliyoingia kwa wakwe zangu nikinuka beberu kuliko beberu mwenyewe. Mama yenu Mwende akinisikia nikianza kuisimulia anacheka kabla sijafika popote, maana jina nililopewa siku hiyo ananiita nalo mpaka leo.

Kwanza ujue mimi ni mtu wa nyumbani. Ukinikosa kwa boma, nitafute sokoni Kabati. Ukinikosa Kabati, rudi kwa boma, tumepishana njiani. Kwa hivyo niliposema nimepata mchumba Mbumbuni, huko Makueni, ndugu zangu waliuliza ni nani alinibeba. Hakuna aliyenibeba. Mwende ndiye alikuja kwetu kumtembelea dada yake aliyeolewa hapa, na mimi nilikuwa nimeketi palepale ninapoketi siku zote. Wakati mwingine uvivu nao una baraka zake.

Sasa, kwetu Wakamba, msichana si wako mpaka mbuzi watatu wa ntheo wafike kwa baba yake. Hayo mengine ya mahari unaweza kuyaleta polepole hadi uzeeke, lakini ntheo ni ntheo. Nami nilikuwa nimeahirisha mara mbili: mara ya kwanza kwa sababu ya mvua, mara ya pili kwa sababu ya malaria, ambayo nusu yake ilikuwa uoga. Baba ya Mwende akatuma neno kwamba Jumamosi hiyo mbuzi wasipoonekana, wazee wake hawataketi tena kwa ajili yangu.

Mbuzi walikuwepo, mama yangu aliwalea mwenyewe. Gari ndilo lilikosekana. Mjomba Muli, ndugu yake mama, alikuwa na pikapu ya dizeli aliyobebea ndengu kutoka Kyuso, na kwa hiyo pikapu watoto wake walikula na kusoma. Akaniachia wiki nzima. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako, lakini mimi niliona imenisitiri hadi magotini.

Kosa langu lilianza kwa nia nzuri. Nilitaka mbuzi wa Mwende wasafiri kwa heshima, bila kufungwa miguu, kwa hivyo nikaamua kuchomelea fremu ya chuma pale nyuma. Sekondari nilisoma ufundi wa chuma, nikapata alama ambayo nikiwa peke yangu naiita nzuri. Jumatatu nikaazima mashine ya welding kwa jirani anayetengeneza madirisha, nikachomelea pande mbili. Mlango wa nyuma nikauacha kwanza.

Jumanne taa ya injini ikawaka. Pikapu ikipanda mlima inazima, ikipoa inawaka, ikienda kidogo inazima tena, kama mzee anayepumzika kila penye kivuli. Nikaipeleka kwa Mzee Kilonzo, fundi wa Kabati, mtu aliyeongea na magari kwa upole kuliko alivyoongea na wenye magari. Akaunganisha mashine yake ya kusoma makosa, akafuata nyaya moja moja, mwishowe akachomoa chini ya dashibodi kisanduku bapa, ukubwa wa Biblia. Hiyo ndiyo kompyuta ya injini. Akakifungua. Ndani palikuwa na mahali peusi.

"Mashine inaniambia kompyuta imeungua," akasema. "Haijaniambia nani ameiunguza. Umechomelea kitu kwa hii gari?"

Mwanangu, nikaona mjomba, nikaona wazee wa Mbumbuni, nikaona watu wakisema msomi wa ufundi wa chuma ameua gari. "Hapana, mzee," nikasema. "Hii fremu ilikuja na gari." Akaniangalia, akauliza mara ya pili. Nikajibu vilevile.

Mjomba aliuza magunia ya ndengu bila kunung'unika, akisema mashine ni kama ng'ombe, hufa. Kilonzo akatafuta Nairobi kompyuta iliyotolewa kwa pikapu ya aina hiyohiyo, namba zikifanana na za ile ya zamani. Alhamisi asubuhi akaifunga, kisha akaifundisha funguo yetu, kwa sababu kompyuta ngeni haikubali funguo isiyoijua; lazima watambulishwe, kama wakwe. Gari likanguruma vizuri.

Sikiza hapa. Ningekuwa nimesema ukweli, angeniambia neno moja tu: kabla ya kuchomelea, toa terminal za betri, zile nyaya mbili, na uchomoe hiyo kompyuta. Ule moto wa welding hutafuta njia ya kurudi kwa mashine yake, na ukikosa njia nzuri hupita kwa kompyuta. Lakini mlango huo nilikuwa nimeufunga kwa mdomo wangu, na sikuweza kuuliza juu ya kitu nilichokana. Nikajiambia mzee aliuliza tu, vile daktari huuliza kama umelala vizuri. Uongo ukiusema mara mbili unaanza kuuamini mwenyewe. Alhamisi mchana nikachomelea ule mlango wa nyuma, nikaupaka rangi nyeusi, nikasimama kando nikijisifu.

Ijumaa asubuhi nikawasha. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika.

Nikamwita Kilonzo, akaja kwetu kwa miguu. Hakufungua hata boneti. Alipitisha kidole kwa ule mlango, kidole kikatoka cheusi kwa rangi mbichi. Akakipangusa kwa shati langu, polepole, mpaka kikawa safi. Hapo nikasema yote, hata ambayo hakuuliza.

"Kompyuta ya kwanza uliiua kwa kutojua," akasema. "Hiyo hata mimi nimeshaua. Ya pili umeiua kwa mdomo. Sasa twende kwa mwenye gari, uongee wewe, mimi nitasimama tu."

Mjomba Muli alilizunguka gari lake mara moja, akaugusa ule mlango. Kisha akauliza, "Na mbuzi wako wapi?" Hilo ndilo swali lake la kwanza, mwanangu. Kompyuta ya tatu niliilipia kwa jembe, misimu miwili kwa shamba lake la ndengu Kyuso, mimi ambaye kulala mbali na kitanda changu ni kifungo. Lakini siku hiyo aliuliza mbuzi.

Kilonzo alikuwa na pikapu yake kuukuu, isiyo na kompyuta isipokuwa yeye mwenyewe. "Nitakupeleka," akasema. "Lakini hii haina fremu. Fremu ni wewe."

Basi Jumamosi mjomba, ambaye ndiye angeniongelea kwa wakwe, aliketi mbele na Kilonzo. Mimi na suti yangu tukaketi nyuma, beberu mmoja kwapani, mwingine kati ya magoti, na jike nimeshika kamba yake kwa meno kila tulipopiga kona. Kabla ya Mbumbuni nusu ya tai yangu ilikuwa imeliwa.

Wanawake walikuwa wakiimba langoni, wakanyamaza. Baba ya Mwende akachungulia nyuma ya pikapu.

"Tuliambiwa mbuzi watatu," akasema. "Naona wanne."

Mjomba akaanza kunifunika, akisema mambo ya barabara mbaya. Nikamkata kwa heshima, nikaeleza yote, kompyuta ya kwanza na ya pili, mbele ya wazee wale. Uso uliniwaka. Mwende nilimsikia akicheka kule jikoni.

Mzee akawageukia wenzake. "Wengi wameleta hapa mbuzi wanono na maneno yaliyokonda," akasema. "Huyu wa nne naye mfungueni, apewe maji."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha kosa hulirudia. Ukiharibu kitu cha mtu, sema wakati bado ni kitu kimoja. Sema kwa fundi, kwa sababu hawezi kutibu asichoambiwa. Sema kwa mwenye kitu, kwa sababu huenda anakupenda kuliko kitu chake na hujampa nafasi ya kukuonyesha. Aibu ya kukiri huisha siku hiyohiyo. Nami harufu ya beberu iliisha kwa kuoga mara tatu.

Mungu aupe wepesi ulimi wako siku ya kosa. Akupe mjomba wa kukuuliza mbuzi kwanza. Na popote unapopeleka ntheo yako, mbuzi wafike wote wakiwa hai, nawe ufike pamoja nao, hata kama unanuka.