Jiwe la Kilele

Fundi amemwagia maji kokoto zilizochomwa na jua, na ile harufu ya jiwe la moto imenirudisha kilimani.

Kilikuwa kilima kidogo tu nyuma ya nyumba zetu. Jumapili watu wakitoka kanisani walikipanda, viatu mkononi, wakajilaza juu ya jiwe la kileleni lenye joto la mchana. Njia ya kulifikia niliijua mimi kuliko watu wazima.

Siku moja baba akaniambia, "Mwanangu, hebu nipeleke kwenye hilo jiwe lenu."

Hakuwahi kutembea na mimi popote. Nilimshika mkono, nikamwonyesha pa kukanyaga, nikamchotea kwa viganja maji ya mvua yaliyotuama kwenye shimo la mwamba. Akanywa. Akaligonga jiwe kwa ngumi, akatega sikio.

"Zuri," alisema. Nikavimba kichwa.

Wiki iliyofuata alipanda na wenzake, wamebeba kuni na matairi mabovu. Walilichoma lile jiwe kutwa, wakachota maji ya shimo letu wakalimwagia. Lilipasuka kwa kishindo, nyundo zikaanza kupasua kokoto za kuuza.

"Baba, mbona hukuniambia?"

"Ungenipeleka?"

Hakuniomba tena tutembee. Njia alikuwa ameshaijua.