Mshenga wa Kigamboni

Nauza mabegi Kariakoo, huu mwaka wa ishirini na sita. Mteja akishika mpini tu najua kama atanunua au anapoteza muda wangu. Bushiri, kijana wa Mchafukoge, ndiye niliyeshindwa kumsoma.

Alikuja kwangu kama mshenga. Rafiki yake Abdulatif alimtaka binti yangu Salma, na mjomba aliyepaswa kuleta posa alikuwa amelazwa. Mahari haikutupa shida. Shida ilikuwa makazi: mimi namtaka binti akae Mchafukoge nilipo, wao wanamtaka Kigamboni. Bushiri alivuka na pantoni mara nne, anapeleka neno, anarudisha neno. Mwisho nikakubali Kigamboni, mradi Salma aendelee kuuza dukani kwangu. Hadi leo nahisi nililegeza mapema, wale walikuwa karibu kukubali Mchafukoge. Kila nikimuuliza Bushiri, jibu ni lile lile: "Mzee Haruna, chai inapoa."

Mwaka jana, ana digrii na hana kazi, aliomba ufadhili wa shahada ya pili, ule unaoandaa vijana kwa kazi za ubalozi. Mwisho wa kuomba ni miaka ishirini na nane, naye alikuwa ameshaifikia. Akikosa, basi. Akaitwa kwenye usaili Posta. Aliporudi alikaa juu ya boksi la mabegi, tai iko mfukoni.

"Wameuliza kama nimewahi kupatanisha pande mbili. Nikawaambia ile posa."

"Safi."

"Wakataka kujua upande mmoja ulikuwa tayari kushuka hadi wapi. Nikasema hiyo ni amana."

"Hata huko? Nani Posta anawajua wakwe zangu?"

"Mama mmoja wa kamati kasema hivyo hivyo. Nikarudia: ni amana."

"Umefunga duka mteja yuko mlangoni, Bushiri."

"Najua, mzee."

Salma akamletea maji. "Baba, mwache bwana."

Nikamwacha. Nilikumbuka niliyoyasema mimi kuhusu wakwe wale siku niliyokasirika, mbele ya huyu huyu Bushiri. Wakwe hao wanakula kwangu kila Idi, na hakuna aliyewahi kunitazama vibaya.

Wiki tatu baadaye barua ikaja. Amepata.

Alipokuja kuaga nilishusha begi kubwa la magurudumu, lile ninalolitundika juu kabisa.

"Lako hili. Bei yake neno moja: wangekubali Mchafukoge, au wasingekubali?"

Akalipapasa, akajaribu zipu, akalishusha chini taratibu.

"Zuri, mzee. Ila bei siiwezi."

Akaagana na Salma, akatoka, hageuki nyuma, kama mteja anayejua kazi yake.

Nilimwita kabla hajafika kona, achukue begi lake bure. Mara ya pili hiyo nalegeza mapema kwa kijana huyo huyo.