Vinara Viwili Sebuleni

Vinara hivyo nilivinunua sokoni Kibuye, mapema miaka ya tisini, nikiwa na mimba ya kwanza. Vilikuwa viwili, vya mti mweusi, virefu vya kunifika kiunoni, vimechongwa mizabibu inayopanda kutoka miguuni hadi kwenye kikombe cha mshumaa. Muuzaji alisema vilitoka nyumba ya Wahindi waliohama zamani. Hakuna aliyenifundisha kupanga nyumba; nilijifunza kwa kutazama picha za magazeti makuukuu. Nilivisimamisha kila upande wa kabati la vyombo, nikapima kwa uzi, nikapima tena. Kimoja kikisogea upana wa kidole, nilikosa raha.

Jirani yangu pale Kaloleni, mama wa kutoka Nyeri aliyeuza mitumba, alikuja kuomba chumvi, akaganda mlangoni.

“Ai! Kuna matanga hapa?”

“Matanga gani?”

“Si hivyo ndivyo huwekwa kando ya jeneza, kimoja kichwani, kimoja miguuni? Na wewe uko na tumbo!”

Akacheka, akaenda na chumvi yake. Kuanzia hapo nilipita sebuleni nimeshika tumbo kwa mikono yote miwili. Mbona sikuvitoa? Niseme ukweli: ukuta bila vinara ulionekana uchi, na mama mkwe alikuwa anakuja kutoka Pap Onditi kuiona nyumba yangu mara ya kwanza. Niliogopa kifo, na niliogopa pia kuonekana sijui kupanga nyumba. Sijui nilichoogopa zaidi.

Alifika Jumamosi asubuhi. Alivitazama vinara kabla hata ya kunisalimu.

“Mama, nitavitupa leo leo.”

“Nani amekuambia utupe?”

Nikamweleza maneno ya jirani, nikaanza kulia. Aliniacha nilie kwanza.

“Nyathina, mwanangu, basi, inatosha.” Akainua kimoja, akakipima uzito mikononi kama anayenunua muhogo. “Jeneza haliwekewi kimoja. Hiki naenda nacho. Hicho kingine sasa ni mbao tu.”

“Na wewe je, Mama? Ukae nacho nyumbani?”

“Mimi nimezika mzee wangu. Nimezika watoto wawili. Kitanitisha na nini?” Akaketi, kinara kimelala mapajani. “Leta gazeti nikifunge.”

Nikamletea. Niliogopa bado, ila sasa nilikuwa nikimwogopea yeye.