Viganja Vyangu na Samaki wa Mama

Harufu ya majani ya chai yaliyochemshwa mpaka maji yakawa meusi bado hunirudisha Mirongo, kwenye chumba chetu cha kupanga, miaka ile ya tisini viwanda vya minofu ya sangara vilipofunguliwa kando ya ziwa na mama akapata kazi katika kimojawapo. Chai ile haikuwa ya kunywa. Kila jioni mama aliimimina kwenye beseni, ikapoa, nami nikaloweka viganja, kwa sababu mtu fulani sokoni alimwambia inakausha jasho. Viganja vyangu vilitoka jasho hata asubuhi ya baridi. Daftari lililowa, kalamu iliteleza. Madukani bidhaa za nje zilikuwa zimejaa tele, poda na manukato ya kila kwapa, lakini ya kiganja hayakuwapo. Chai ilinipa viganja vya rangi ya udongo, na jasho likaendelea na shughuli zake.

Hayo niliyavumilia. Nilichoogopa ni Jumapili, padri aliposema tupeane amani. Siku moja jirani yetu, Mama Shija, alinishika mkono, akashtuka, akajifuta kwenye kitenge.

"Katoto haka kana nini?" akamwuliza mama. "Au kamerogwa?"

Nililia njia nzima hadi nyumbani, tena kwa sauti, nikaapa kwamba sitampa mtu mkono tena. Nilikuwa na miaka tisa, na niliamini kabisa kwamba hakuna atakayetaka kunishika maisha yangu yote.

Jumapili iliyofuata, wakati wa amani ulipofika, nilibana mikono kwapani. Nikamtazama mama. Naye alikuwa ameficha yake ndani ya khanga! Alishinda kiwandani akichuna ngozi za sangara kwenye barafu, na hata ajisugue ndimu namna gani, harufu haikutoka. Sikuwahi kujua kwamba na yeye anaona aibu. Akaniinamia.

"Wewe una jasho, mimi nina samaki," akaninong'oneza. "Tupeane sisi wenyewe."

Mkono wake ulikuwa wa baridi, mkavu, umepasukapasuka. Hakuuachia wangu hata wimbo ulipoanza, wala hakujifuta. "Unanipasha moto," akasema. Nilimpenda mama siku ile mpaka kifua kikauma.

Nilikuwa mtu mzima daktari wa ngozi aliponieleza kwamba si woga wala uchawi, ni tezi za jasho tu zinazofanya kazi kupita kiasi, akanipa dawa ya kupaka kabla ya kulala. Inanisaidia. Leo nasalimiana na watu bila kujifuta kwanza kwenye sketi, na nafurahi kwamba mtoto mwenye shida yangu anaweza kupelekwa kwa daktari badala ya kulowekwa kwenye chai. Mama sasa amezeeka, anaishi Misungwi, macho na masikio yamechoka. Mara ya kwanza nilipokwenda na mkono mkavu nikamwamkia shikamoo, alikipapasa kiganja changu, akakigeuza, akakipapasa tena.

"Marahaba," akasema kwa adabu. "Wewe ni nani, mama?"

Siku hizi, nikikaribia kwenda Misungwi, dawa naiacha kabatini.