Mbegu Nyekundu za Fighi

Nilipokuwa mtoto huku milimani Taita, miaka ya sabini, juu ya shule yetu palikuwa na msitu mdogo ambao hakuna mtu aliyethubutu kukata hata fimbo yake. Tuliuita fighi. Wazee walifanya matambiko yao humo, na tulijua kwamba kitu cha fighi hakitoki: jani, kuni, hata tunda lililojiangukia. Ukikitoa, mvua inakataa. Basi! Hata mimi niliyekuwa na mdomo kama cherehani sikuuliza kwa nini.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu, Mwalimu Mueni, alikuwa mgeni kutoka Ukambani. Jumatatu moja alisogeza meza chini ya dirisha akasema wiki hiyo vitabu vipumzike. Kila siku tutaleta kitu, tukipange pale na kukieleza. Tulianza na majani, tukayachora. Kesho yake mawe, tukayapima kwa mizani ya mikebe aliyoitengeneza mwenyewe. Lo, raha ilioje! Hata watoro walifika mapema.

Jumatano ilikuwa zamu ya mbegu. Wengi tulileta mahindi na kunde, vitu vya jikoni tu. Niliyekaa naye dawati moja, Wakesho, alikuwa amelelewa Voi mjini na ndio kwanza ahamie kwetu. Akamwaga mezani mbegu nyekundu zenye doa jeusi, zinang'aa ajabu.

"Umezitoa wapi, mama?" Mwalimu akauliza kwa furaha.

"Huko juu, mwalimu, kwa ule msitu. Zilikuwa zimeanguka tu."

Mara madawati yakaanza kukwaruza sakafu, watoto wakihamia upande wa pili. Mvua ilikuwa imechelewa mwaka huo, mahindi yamejikunja shambani. Kufika jioni habari ilikuwa imezagaa kijiji kizima.

"Wee! Umezigusa?" Nyanya, mmoja wa wazee wa fighi, aliniuliza kabla sijaweka mfuko chini.

"Sijagusa, nyanya."

"Mvua isiponyesha, watu watajua waende kwa nani kuuliza."

Alhamisi Mwalimu alituchorea mawingu yakitoka baharini, mishale juu, mishale chini, mchoro mzuri kweli. Tuliunakili wote, na hakuna aliyerudi upande wa Wakesho. Mimi nilibaki dawatini, lakini pembeni kabisa, tako moja likiwa hewani. Tulipoachiliwa, Wakesho aliniambia bila kunitazama, "Mimi kesho siji. Narudi Voi kwa shangazi, nimlelee mtoto. Shule basi."

Niliumia. Nikarudi mbio darasani kumwambia Mwalimu. Alikuwa ameshika kifutio.

"Anaacha shule kwa ajili ya mbegu?"

"Ndio, mwalimu."

Aliutazama mchoro wake, akakiweka kifutio mezani. Halafu akasema, "Mwambie aje kesho. Mwambie namhitaji. Na wewe, nipeleke kwa nyanya yako."

Nyumbani alikaa kwenye kigoda akamuuliza Nyanya vitu kama hivyo hurudishwaje. Nilishangaa: mwalimu kuuliza?

Ijumaa somo lilikuwa nje. Mwalimu alifunga mbegu kwenye leso, akamshika Wakesho mkono, tukapanda sote. Nyanya alikuwa anatungoja kwenye ukingo wa msitu na kibuyu cha maji. Mwalimu akavua viatu.

"Nyanya, huyu nilimtuma mimi," alisema. "Kama kuna kosa, ni langu."

Wakaziweka mbegu chini ya mti wa kwanza. Nyanya akapiga funda la maji, akayapuliza chini, akanena kwa Kidawida, lugha yetu, maneno ya kutoa hasira moyoni. Kisha akampapasa Wakesho kichwani. "Yameisha, mjukuu wangu. Nendeni mkasome."

Tukishuka, watoto waligombania kumshika Wakesho mkono. Wanafiki wadogo sisi!

Mvua haikuja. Mahindi yalikauka, tukala unga wa msaada, na mimi nikawa nangoja kwa hofu watu waanze tena. Kwa miaka mingi nimebishana na ndugu zangu kama Mwalimu aliamini au aliigiza, na kama fighi ina nguvu au haina. Siku hizi sibishani. Najua tu kwamba njaa ilitubana msimu mzima, watu wakatafuta wa kulaumu kila upande, na hakuna hata mmoja aliyebisha mlango wa kina Wakesho. Nyanya alikuwa amesema yameisha.