Hisa za Mama Ketsia

Vénérande, ambaye kambi nzima ya wakimbizi ya Dzaleka inamwita Mama Ketsia, alikutana na soko la hisa akiwa na mkasi mkononi. Ni fundi cherehani, mzaliwa wa Fizi, na hukata patroni za sketi kwenye magazeti ya zamani. Siku moja akakuta ukurasa umejaa majina ya kampuni na tarakimu ndogondogo. Akamwonyesha jirani yake Cishahayo, Mrundi aliyewahi kufundisha hesabu.

"Mwalimu, hii manamba ni ya nini?"

"Ni bei ya hisa. Unanunua kipande kidogo cha kampuni. Ikipata faida, na weye unapata."

"Na ikianguka?"

"Munaanguka pamoja. Njo maana usitie feza ya bugali."

Hakuliacha wazo hilo. Kila alipopata kibali cha kutoka kambini kwenda Old Town, Lilongwe, kununua vitambaa, alipitia kwa wakala wa hisa. Mara mbili walimrudisha kwa sababu ya karatasi zake za ukimbizi. Mara ya tatu wakamfungulia akaunti. Akanunua hisa za benki moja, chache, na kila baada ya miezi mitatu akaongeza nyingine, bei iwe juu au chini. Baadaye akagawanya, akanunua na za kampuni ya mbegu, maana Cishahayo alimwonya asiweke kila kitu mahali pamoja.

Bei zikapanda. Kwaya nzima aliyoimba nayo kanisani ikasikia. Solange, rafiki yake wa sauti ya pili, akamletea pesa: "Ninunulie na mimi, kwa jina yako." Vénérande akakubali kwa furaha, bila kumuuliza pesa hizo alizitenga kwa kazi gani.

Miezi minne baadaye bei zikaporomoka, zikapoteza karibu theluthi. Wiki hiyohiyo mume wa Solange alianguka kutoka paa la kanisa akipigilia mabati, akavunjika paja. Hospitali ikataka malipo kabla ya kumpasua. Solange akaja mbio, kitenge kimefungwa ovyo.

"Uza yangu yote, dada. Njo feza tu tuliyokuwa nayo."

Vénérande akajua maana ya kuuza siku ile: theluthi ya pesa ingepotea. Akamwomba asubiri kesho, kisha akabeba vitambaa vyote alivyokuwa amenunua kwa ajili ya sare za shule, akawauzia mafundi wenzake kwa bei ya hasara. Asubuhi akampa Solange pesa alizotoa mwanzo, kamili, na hisa zile akazichukua yeye.

Cishahayo alikasirika. "Hasara ni ya mwenye hisa, Mama Ketsia. Soko iko vile."

"Soko, sawa. Lakini Solange, ni mimi nilipokea feza yake."

Muhula ule alishona vitambaa vya wateja tu, na sare zikashonwa na wengine. Usiku alijilaumu, si kwa kununua, bali kwa kunyamaza siku ile Solange alipomletea pesa. Bei zilishuka tena kidogo. Hakuuza. Mwaka uliofuata zikarudi polepole, na benki ikatoa gawio, fungu la faida kwa wenye hisa, lililotosha kununua jora mbili za kitambaa.

Mume wa Solange sasa anatembea kwa fimbo. Solange mwenyewe alirudi, akitaka kununua tena.

"Mutoto akigonjwa kesho, utalipa na nini?" Vénérande akamuuliza.

Solange akainama, akacheka kwa aibu. "Sina."

"Basi anza na hiyo."

Alianza. Kwa miezi minane aliuza mandazi akitenga kidogo kidogo, hadi akiba ya ugonjwa ikatosha. Kisha wakapanda basi dogo pamoja mpaka Lilongwe. Wakala alipouliza akaunti iandikwe jina la nani, Vénérande akamsogezea Solange karatasi. Solange akavuta kalamu, akaandika lake.