Gari la Viti Viwili

Mke wangu aliniambia mapema kwamba lile gari litanizeesha, na hakukosea. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza, la mbio, la viti viwili tu. Mzungu mmoja wa mashamba ya miwa alirudi kwao akaliacha bandani, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Nililinunua, nikalivuta kwa trekta hadi uani kwangu Kisumu. Nilikuwa karani wa bandarini. Mambo ya magari sikuyajua, ila ukaidi nilikuwa nao wa kutosha.

Habari zikafika Sondu kwa mama mkwe. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Daktari alishasema anaweza kupasuliwa Kisumu akaona tena, naye akakataa katakata, maana aliogopa kisu. Sasa akanitumia neno kupitia kwa mke wangu: siku kile chuma kitakapofika mlangoni kwake kwa nguvu zake chenyewe, atapanda aende akapasuliwe. Alikuwa ananidhihaki. Mimi nililichukua neno lake kama lilivyo, kwa sababu mzazi akishasema mbele ya watoto wake, amesema.

Basi nikavaa ovaroli. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, nikaikata yote na kuweka bati la pipa la mafuta. Gasketi, zile karatasi nzito za kuziba maungio ya injini, nilizikata kwa mkasi wa mke wangu, na ukaharibika, tukanuniana. Paa nilishonesha kwa turubai la tanga kuukuu kutoka kwa wavuvi wa Dunga. Mvua ikinyesha, gari zima lilinuka omena, wale dagaa wa ziwani. Majirani walikuwa wakipita na kuniuliza kama mgonjwa ameamka. Niliwajibu kwamba anakula vizuri.

Breki zilinitesa kuliko vyote. Kutoa hewa kwenye mabomba ni kazi ya watu wawili, kwa hiyo mke wangu alikaa kwenye usukani akikanyaga na kuachia huku mimi nimelala chini na spana. Yeye alikuwa muuguzi na aliendesha Landrova ya zahanati kila wiki. Aliniomba walau alizungushe gari uani. Nikamkatalia. Nilisema hakuna atakayeliendesha ila mimi.

Siku ilipofika tuliondoka asubuhi, mimi na yeye, na gari likapanda hadi Sondu bila kukohoa. Mpango wangu ulikuwa mke wangu arudi kwa basi, nami nimlete mama. Mama mkwe akatoka na furushi lake, amevaa gauni la kanisani, akasimama mbali kidogo kama ilivyo desturi. Nikafungua mlango wa abiria. Hapo ndipo nilipoviona vile viti.

Kwetu mtu hampi mkono mama wa mkewe, wala hali chakula mbele yake. Nilikuwa nikimsalimia nikiwa mbali, nikitazama chini. Na vile viti viwili viligusana, bega kwa bega, gia katikati. Muda wote ule nilipima kila kitu katika gari lile, na hilo sikulipima.

Nikasogea kando, mama akaja akavipapasa vile viti kwa mkono, akaelewa. Akaokota furushi lake, akaanza kurudi ndani, na niliona kabisa kwamba amefurahi kupata sababu. Nafasi yake ya kuona tena ilikuwa inaondoka hivyo.

"Baba, wewe panda basi," mke wangu akaniambia. "Hii gari naendesha mimi."

Niliumia, sitaficha. Nilishika ule ufunguo kama mtoto anayenyang'anywa muwa. Kisha nikampa. Nikaanza kumweleza habari za gia ya pili, akanijibu kwamba alinisikia nikiitukana mwaka mzima. Mama akaingizwa, mlango ukafungwa, wakaondoka. Nilisimama barabarani nikisikiliza. Gia ya pili iliingia laini kuliko nilivyowahi kuiingiza mimi.

Alipasuliwa wiki hiyo hiyo. Bandeji zilipotolewa, mimi nilibaki nje ya wodi kwa heshima. Mke wangu akamtembeza mama taratibu hadi kwenye dirisha lililotazama pale gari lilipoegeshwa, kisha akanijia na ujumbe.

"Mama anasema mlango wa gari yako na boneti, rangi hazifanani."

Nilikwenda nikalitazama. Kweli hazikufanana. Nikakaa chini pale penye gurudumu, nikalia.